Kuku wanahema, mtoto analia, bati linawaka: nianzie wapi?

"Daktari, naishi Mukuru hapa Nairobi, nyumba ya mabati, na nyuma ya nyumba nina kibanda cha kuku 60 wa nyama, sasa wako wiki ya tano. Tangu Februari ianze wanahema midomo wazi kuanzia saa sita mchana. Ijumaa walikufa saba kati ya saa nane na saa kumi, na wote walikuwa wale wanono. Jirani mmoja anasema ni kideri, mwingine anasema ni joto. Wa agroveti, duka la dawa za mifugo, aliniuzia dawa ya kuchanganya na maji, hata Panadol nimewasagia, lakini maji yenyewe hawayanywi vizuri. Nilitaka kuwawekea barafu nikaambiwa itawaua. Ndani ya nyumba nako kuna shida: nina mtoto wa miezi minne, na mama mkwe wa miaka 71 anayemeza dawa za presha. Jana alasiri alikuwa anasinziasinzia na kichwa kinamuuma. Kinachonichanganya ni kwamba shomoro na njiwa wako juu ya bati hilohilo kutwa nzima na hawafi. Mbona wangu wanakufa? Na huyu mtoto nimpe maji?"

Dada, pole sana kwa hao saba. Lakini kabla ya kuku, mama mkwe. Mzee wa miaka 71 anayesinzia alasiri ndani ya nyumba ya mabati huku kichwa kikimuuma si mtu wa kuachwa alale hadi jua lizame. Leo mtoe nje mapema, akae kivulini penye upepo, mpe maji kidogo kidogo, kisha apelekwe kituo cha afya akapimwe presha na dawa zake ziangaliwe. Mimi ni daktari wa mifugo. Upande wa watu nitasema tu yale yanayojulikana wazi, na mambo ya dawa zake yaamuliwe na anayemtibu. Nitarudi kwake baadaye.

Sasa kuku. Kwa jinsi ulivyoeleza, naegemea joto. Kuku anayeuawa na joto hufa saa za jua kali, wanono hutangulia, na jua likipoa waliobaki husimama, wakanywa na kula vizuri. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, hakichagui saa. Huua hata usiku na alfajiri, huchukua wembamba kwa wanono, na mara nyingi utaona kinyesi cha kijani, shingo kupinda, bawa au mguu kupooza. Kwa hiyo angalia usiku wa leo na kesho asubuhi. Ukikuta aliyekufa saa za baridi, au ukaona dalili moja kati ya hizo, usibahatishe tena: mfunge aliyekufa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, umweke penye ubaridi, na umfikishe siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo wa serikali wa eneo lako au kwenye maabara ya mifugo ya Kabete. Akipasuliwa angali mbichi jibu hupatikana. Kuku aliyeuawa na joto, kwa mfano, nyama ya kidari huwa imepauka kana kwamba imeanza kuiva. Na hao waliojifia msiwale wala msiwauze, hata kama inauma kuwafukia.

Hiyo dawa ya kwenye maji, acha leo, mpaka daktari akwambie kuna ugonjwa gani. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu naona wafugaji wengi wa Nairobi wakipoteza kuku kwa njia hii. Kama ni antibiotiki, haipozi mwili, wala haiui virusi vya kideri. Nyingi ni chungu, na kuku akionja uchungu hupunguza kunywa, siku ileile ambayo maji ndiyo uhai wake. Na ukichinja kabla ya siku za kungoja dawa itoke mwilini kwisha, mabaki ya dawa humfikia mlaji.

Panadol nayo ina hadithi yake, na inawahusu watu pia. Mtu akiwa na homa ya malaria, ubongo wenyewe umepandisha kiwango: unautaka mwili uwe na nyuzi 39. Panadol hushusha kiwango hicho. Lakini joto la jua linapokuzidi, ubongo bado unataka 37 ileile, ila mwili umeshindwa kutoa moto unaoingia. Hapo Panadol haina cha kushusha, inabaki kuwa kazi ya ziada kwa ini. Aliyezidiwa na joto, awe kuku au mama mkwe, hupozwa kwa kivuli, maji na upepo.

Umeuliza mbona shomoro hafi. Swali zuri, na jibu lake ndilo litakalokuonyesha cha kufanya. Mwili wa kuku, kama wa ndege wengi, una joto la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi. Wengi hudhani damu hiyo ya moto ndiyo inayomponza. Ni kinyume chake. Joto huhama kutoka penye moto kwenda penye baridi, kwa hiyo hewa ikiwa nyuzi 36 ndege bado anaweza kuachia joto hewani bila kutumia hata tone la maji. Wewe kwa nyuzi hizohizo umeshalowa jasho. Hapo ndege amekuzidi. Tatizo ni kwamba upande wa juu hana nafasi kubwa: mwili wake ukikaribia nyuzi 46 anakufa. Kati ya uzima na kifo kuna nyuzi nne tu.

Na hana jasho. Ngozi ya ndege haina tezi za jasho, na juu yake kuna manyoya. Hewa ya kibandani ikimkaribia kwa joto, njia kuu inayobaki ni kuvukiza maji kupitia kinywa, koo na mapafu, ndiyo kule kuhema unakokuona. Ni kama mtungi wa udongo unavyopoza maji: unyevu unaotoka nje unachukua moto pamoja nao. Wewe unafanya kazi hiyohiyo kwa ngozi yako nzima, na kwa nguvu kubwa. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto linalotosha kuchemsha takriban lita saba za maji ya bomba. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halikusaidii kitu.

Kuhema kunagharimu. Ni kazi ya misuli, na misuli inayofanya kazi huzalisha joto jipya. Tena pumzi za harakaharaka hutoa hewa chafu ya damu kupita kiasi, na damu ikabadilika. Kwa kuku wa mayai ndiyo maana Februari ganda huwa jembamba hata ukiwapa chokaa ya kutosha: malighafi ya kutengenezea ganda imepungua ndani ya damu. Wako wa nyama hawatagi, lakini wanachoka, na atakayehema saa tano mfululizo bila maji ya kutosha hafiki jioni.

Shomoro na njiwa hawakai juu ya bati kutwa, dada. Watazame saa saba mchana. Utawakuta chini ya upenu, kwenye kivuli cha tangi la maji, ndani ya miti, wametulia kabisa, manyoya wameyabana mwilini. Kazi ya kutafuta chakula wanaifanya asubuhi na jioni. Shomoro ni mdogo, na mwili mdogo hutoa joto haraka. Njiwa ana bahati nyingine: ingawa hana jasho, ngozi yake hupitisha unyevu mwingi kuliko ya kuku. Ukipita Mombasa Road karibu na uwanja wa Nyayo, wale kongoti wakubwa wa kwenye miti wana miguu myeupe. Si rangi ya miguu yao. Wanajinyea miguuni makusudi, ule umajimaji ukikauka unapoza damu inayopita mguuni. Mbuni wa Mbuga ya Nairobi huinua mabawa na kuacha mapaja yake yasiyo na manyoya yapigwe na upepo. Kila ndege ana mbinu yake, na karibu zote zinahitaji vitu vitatu: maji, upepo, na uhuru wa kuondoka juani.

Kuku wako amenyimwa hicho cha tatu. Amezalishwa ili afikishe kilo mbili kwa wiki tano au sita, kidari chote ni nyama, na chakula anachosaga tumboni ni moto mwingine unaozidi kupanda kwa saa kadhaa baada ya kula. Amefungiwa na wenzake zaidi ya hamsini, kila mmoja akitoa joto lake, chini ya bati. Hawezi kwenda upenuni. Ndiyo maana wanono wanatangulia: wana joto jingi zaidi la kutoa na njia ileile moja ya kulitoa.

Ukielewa hivyo utaona adui anaingilia juu. Bati tupu likipigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 60, na haliishii kupasha hewa tu. Linamwagia joto moja kwa moja kila kilicho chini yake, hata ukifungua mlango. Utafiti uliofanywa Kibera, Mathare na huko kwenu Mukuru ulionyesha joto la mitaa hiyo liko juu kuliko lile linalopimwa kwenye kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Kwa hiyo redio ikitangaza nyuzi 29 za Nairobi, usidhani ndizo ulizonazo ndani.

Ningekuwa na pesa kidogo tu, ningezitumia kwenye paa la kibanda kabla ya dawa yoyote. Njia ya bei nafuu ni kupaka bati chokaa nyeupe upande wa nje. Weupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na tofauti utaisikia mchana wa siku hiyohiyo. Mvua za Machi zitaiosha, lakini wakati huo kazi yake itakuwa imekwisha. Iliyo bora zaidi ni kuliwekea bati lenyewe kivuli: wavu wa kivuli wa shambani, au magunia yaliyofungwa juu ya fito, ukiacha nafasi ya kiganja kimoja au viwili kati yake na bati ili upepo upite. Funga sawasawa, upepo usije ukaangusha kwa jirani. Watu wengi hubandika katoni ndani chini ya bati. Zinasaidia kweli, lakini sizipendi ndani ya nyumba yenye jiko na nyaya za umeme za kuungaunga. Mitaa yetu imeungua mara nyingi, na katoni kavu huubeba moto kutoka chumba hadi chumba. Kivuli cha nje hakina hatari hiyo kwa kiasi hicho. Paa la nyumba ni la mwenye ploti, najua, lakini mwombe ruhusa ya chokaa. Wachache watakataa kupakiwa rangi bure.

Nairobi ina neema moja ambayo Mombasa haina. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya Februari ni kavu, na usiku hupoa sana. Ukavu huo unafanya maji yanayokauka yapoze kwa nguvu, kwa hiyo gunia lililoloweshwa likaning'inizwa upande unaotoka upepo hufanya kazi vizuri sana hapa. Pwani, hewa ikiwa imeshiba unyevu, gunia hilohilo lingesaidia kidogo tu. Ila lazima upepo upite. Ukinyunyiza maji ndani ya kibanda kilichofungwa, unawaongezea kuku unyevu na kuwazibia njia pekee waliyo nayo. Toa mbao au mabati ya ubavuni pande mbili zinazotazamana, weka waya.

Kisha wabadilishie saa za kula. Wape chakula saa kumi na moja alfajiri, kiondoe saa tatu au saa nne, kirudishe saa kumi na moja jioni hadi usiku. Hawatakonda kama unavyoogopa. Mchana walikuwa hawali vizuri hata hivyo. Maji yasitoke kamwe. Kuku mkubwa katika joto hunywa mara mbili ya kawaida au zaidi, kwa hiyo ongeza vyombo, viweke kivulini, na ubadilishe maji kila baada ya saa moja au mbili mchana. Maji yaliyokaa kwenye bomba la juani huwa ya moto na kuku hayataki. Na barafu weka, usiogope. Vipande vya barafu ndani ya chombo cha kunywea havijamuua kuku. Huenda aliyekuonya aliileta kuku wakiwa wameshazidiwa, kifo kikasingiziwa barafu. Unga wa vitamini na chumvichumvi wa agroveti unafaa, uwape asubuhi kabla jua halijakaza.

Nafasi ndiyo itakuwa ngumu. Kuku kumi wa nyama kwa mita moja ya mraba ni kawaida. Wakati huu wawe wanane au pungufu. Kama huna pa kuwahamishia, uza wanono sasa. Wiki ya tano wana bei, na hao ndio watakaokufa kesho. Ningeuza kumi na tano leo jioni bila kusitasita. Maranda nayo yapunguze, yakiwa mazito yanachacha na kutoa joto kutoka chini.

Ukimkuta ameanguka, mabawa yametanuka, usimfukuzefukuze wala kumbana. Mbebe taratibu hadi kivulini, mtumbukize miguu na tumbo kwenye maji ya kawaida, mlowanishe upanga wa kichwani, mpepee. Usimmiminie maji mdomoni. Anayehema hivyo maji huingia mapafuni.

Turudi ndani ya nyumba. Mtoto wa miezi minne usimpe maji, hata kwa joto hili. Maziwa ya mama sehemu kubwa mno ni maji, na mtoto anayenyonya kila anapotaka anapata yote anayohitaji. Maji ya kikombe yatamjaza tumbo, apunguze kunyonya, na yasipokuwa salama yatamletea kuhara, jambo ambalo ndilo litamkausha kweli. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, hata kwa muda mfupi, na wewe unywe. Mvue marvin na shali. Najua kwetu mtoto asiyevikwa kofia humletea mama maneno, lakini kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake na joto jingi hutoka hapo. Nguo moja nyepesi inatosha mchana, na ukimbeba mgongoni tumia leso tupu. Asilale akigusana na ukuta wa bati. Nepi zikiwa kavu kuliko kawaida, utosi ukibonyea, akilegea au akikataa kunyonya, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mama mkwe ana mambo matatu yanayomkabili kwa pamoja. Umri umempunguzia kiu, kwa hiyo anaweza kukauka bila kuomba maji. Jasho lake limepungua. Na baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kumkojoza, maana yake zinamtoa maji ambayo mwili unayahitaji kujipoza. Asiziache kwa uamuzi wake wala wako. Presha iliyoachiwa huleta kiharusi. Anayemtibu anaweza kubadilisha kipimo kwa msimu huu. Kunywa kwake usingojee aseme ana kiu, mpe kikombe kila saa, isipokuwa kama aliwahi kuambiwa apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo. Maji ya sukari na chumvi usimpe kiholela, hayo ni ya anayehara au kutapika, na chumvi haimfai mwenye presha. Kuanzia saa sita hadi saa kumi asikae ndani. Mfute mikono, shingo na miguu kwa kitambaa cha maji, kisha apepewe. Feni ni nzuri ilimradi hewa ya chumbani haijapita nyuzi 40. Ikizidi hapo, linasema Shirika la Afya Duniani, feni inamsukumia moto, na dawa ni kutoka nje.

Kuna dalili ambazo hazingojei kivuli. Akianza kuongea yasiyoeleweka, akashindwa kusimama, akapata degedege, au ngozi ikawa ya moto naye hazinduki vizuri, hiyo ni hatari ya kufa ndani ya saa chache. Mloweshe mwili wote palepale, mpepee kwa nguvu, weka vitu vya baridi kwapani na kwenye kinena, huku mtu mwingine akipiga 999 au 112 au akitafuta gari lolote. Mdomoni usimtilie kitu kama hana fahamu kamili. Na mdomo ukienda upande au mkono mmoja ukikosa nguvu, huenda si joto, ni kiharusi. Mwendo ni uleule wa hospitali.

Kwa kundi lijalo, panga kwa kuhesabu nyuma. Kifaranga wa siku chache anataka nyuzi 32 na zaidi, kwa hiyo joto hili linalowaua wakubwa linampendeza yeye na kukuokolea makaa. Ukipokea vifaranga mwishoni mwa Februari, wiki zao nzito zitaangukia Aprili, mvua zikiwa zimeshapoza mji. Shida yake ni maranda kulowa na kuleta kuhara damu, basi ziba paa mapema. Najua wateja wengi wa Nairobi wanataka kuku wa Pasaka, na mwaka ambao Pasaka inaangukia Machi huwezi kukwepa kuwakuza katikati ya joto. Mwaka huo chukua 40 badala ya 60, na pesa ya wale 20 inunue wavu wa paa.